Siku Sita Zilizopigwa Mstari

Kila asubuhi, kabla ya chai, Nzau alipanda kilimani kukagua jinsi mkewe alivyofagia. Alitembea polepole, mikono nyuma, macho chini, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mutindi alisimama kando na ufagio wake wa vijiti, akingoja. Siku ambayo mumewe hakuona kitu, hakusema kitu. Siku aliyoona jani, aliliokota kwa vidole viwili akaliweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Hii ni nini, Mama Muthama?"

"Ni jani."

"Na jani linatafuta nini kwenye kituo cha sayansi? Limekuja kusoma?"

Basi Mutindi alilibeba jani hilo mpaka ukingo wa uwanja, akalitupa, akarudi. Yakiwa matatu alikwenda mara tatu, kwa maana Nzau hakuruhusu yabebwe pamoja. Alisema hivyo ndivyo mtu ambaye hakusoma anavyofundishwa.

Kituo chenyewe hakikuwa kikubwa. Ilikuwa nguzo ya simiti kwenye kilima cha upande wa mashariki wa soko la Zombe, na juu yake darubini fupi iliyofungwa kwa nati isicheze. Jua lilipopita mbele ya darubini, picha yake ilianguka kwenye kadi nyeupe yenye mstari mweusi katikati. Ukingo wa jua ukigusa mstari, Nzau alibonyeza saa. Ukingo wa pili ukiuacha mstari, alibonyeza tena. Muda uliopita kati ya kubonyeza na kubonyeza, dakika mbili na sekunde kadhaa, ndio uliokuwa upana wa jua. Kisha alilegeza nati ya juu, akaielekeza darubini mbele kidogo ya jua, akaikaza tena. Alifanya hivyo mara thelathini kila asubuhi yenye jua, akaandika namba thelathini katika daftari, na chini yake akatia sahihi.

Vitu hivyo vililetwa na chuo kimoja cha Nairobi. Wasomi walitaka kujua kama jua hunenepa na kukonda kidogo mwaka hadi mwaka. Kidogo hicho ni kidogo sana, na hewa ikitetemeka mbele ya darubini inaweza kukificha au kukizua. Kwa hiyo, kabla ya kujenga kituo cha kudumu, walitafuta kilima ambacho hewa yake hutulia asubuhi. Vilibaki vilima viwili: hiki, na kingine karibu na Makindu, upande wa Makueni. Kila kilima kilipewa mpimaji mmoja. Dkt. Fahima, mwanamke kijana mzaliwa wa Kitui mjini aliyesimamia kazi hiyo, aliwaambia watu kwenye baraza kwamba kilima kitakachoshinda kitachimbiwa kisima kirefu, kwa sababu wafanyakazi watakaa pale na familia zao, na bomba moja litashushwa kijijini.

Tangu siku ile hakuna aliyezungumza habari za jua. Walizungumza habari za maji.

Mutindi alikuwa na miaka hamsini na tisa. Maji aliyatoa mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu kwa miezi minane ya mwaka. Wanawake walichimba shimo mchangani mpaka kina cha mtu mzima, wakakaa pembeni wakisubiri maji yajikusanye, wakateka kwa kikombe. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, mitungi miwili ya lita kumi mgongoni na ukanda kwenye paji la uso. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kulia kama mlango. Alipofagia kilima alikuwa akifagia njia ya bomba lile. Hakumwambia mtu, lakini alikwisha kuchagua mahali ambapo mfereji ungekaa.

Nzau naye alikuwa na sababu zake. Alikuwa amevunja mawe kwenye machimbo ya Ikutha miaka kumi na miwili, mchana nyundo, jioni kitabu. Alianzia ngumbaru akiwa mtu mzima mwenye ndevu, akapanda mpaka mtihani wa kidato cha nne akiwa na miaka thelathini na minne. Mara ya kwanza matokeo yake ya hesabu yalifutwa. Walisema majibu yake na ya jirani yake yalifanana mno. Nzau hakuwa amenakili. Jirani ndiye aliyemchungulia. Alirudia mtihani akapita, lakini lile neno "yalifanana mno" halikumtoka, lilikaa ndani yake kama mwiba uliozibwa na ngozi.

Mwezi wa nane alikwenda Makindu kumtembelea mpimaji mwenzake, Jonah. Alirudi na furaha ambayo Mutindi hakuwa ameiona tangu harusi ya mtoto wao Muthama.

"Tumeshinda," alisema, akivua viatu. "Yule Jonah anaishi kama nguruwe pori. Nyasi mpaka hapa." Alijipiga kwenye goti. "Mbuzi wanalala chini ya darubini. Nikamuuliza, ndugu yangu, wageni wakija utawaficha wapi aibu hii? Akacheka. Hana hata jembe."

"Na namba zake?"

"Namba zake unazitakia nini? Wewe namba gani unajua zaidi ya bei ya chumvi?" Alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye kata. "Kesho utaongeza hatua ishirini kila upande. Jembe kwanza, halafu ufagio. Nataka Daktari akifika aone udongo mtupu. Aone tofauti ya mtu na mtu."

Mutindi aliongeza hatua ishirini. Ilimchukua siku tisa. Aling'oa nyasi na mizizi yake, akakata vichaka, akapanga mawe pembeni, mpaka kichwa cha kilima kikawa chekundu na laini kama kipara cha mzee aliyenyolewa. Watu waliopita chini walisimama kukitazama. Katika nchi ile uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba. Uwanja wenye nyasi ni wa nyoka na wa wavivu. Nzau alisifiwa kanisani.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuja na malaria. Mutindi alilala wiki mbili na nusu. Jirani yake Kavindu alimletea uji. Nzau alimletea maneno.

"Malaria si likizo. Kilima kimekuwa Makindu."

"Nikiweza kusimama nitapanda."

"Jonah akishinda, nitawaambia watu ni kwa sababu ya kitanda chako."

Kilima kilikuwa kimeota. Nyasi changa zilifika kwenye kifundo cha mguu, na udongo ulikuwa na unyevu. Siku sita za mwisho za ugonjwa ule mvua ilinyamaza, mbingu ikawa safi, na Nzau akapima. Siku ya sita Mutindi alijikokota mpaka juu kumpelekea chai, na huko akaona jambo ambalo hakuwa ameliona tangu kazi ianze.

Siku zote picha ya jua kwenye kadi ilikuwa na ukingo unaotetemeka, kama uso wa uji unaokaribia kuchemka. Siku hiyo ukingo ulikaa kimya. Ulikuwa kama umekatwa kwa wembe.

"Baba Muthama," alisema, "leo jua limetulia."

Nzau alikuwa ameshika daftari na uso wake ulikuwa na jasho. Dakika mbili na sekunde kumi na saba. Kumi na saba. Kumi na saba tena. Namba thelathini, na zilipishana kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde. Jana vivyo hivyo. Juzi vivyo hivyo. Siku nyingine zote zilipishana kwa sekunde nzima na zaidi, na yeye alidhani hivyo ndivyo namba za mtu mwaminifu zinavyotakiwa kuwa.

"Zinafanana mno," alisema kwa sauti ndogo.

"Si ndivyo wanavyotaka?"

"Watasema nimenakili. Nimeketi chini nikaandika namba moja mara thelathini." Alitoa kalamu.

"Ngoja. Sikufagia siku hizi. Labda ni nyasi. Labda jua linatulia nyasi zikiwapo, kama vile moto unavyo—"

"Nyasi." Nzau alimgeukia. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Sikilizeni profesa wa darasa la nne. Jua liko mbali kiasi ambacho hata hesabu yake huwezi kuitamka, na linaogopa nyasi za Zombe. Hiyo homa imepanda kichwani."

Akapiga mstari kwenye siku zote sita, akitumia rula. Kisha akampa mkewe jembe.

Dkt. Fahima alikuja katikati ya Januari, joto likiwa kali. Pikapu ya chuo iliacha vumbi kutoka sokoni mpaka kilimani, na nyuma ya vumbi walikuja watu, wanawake wengi zaidi, kwa sababu ilijulikana kwamba uamuzi utatolewa siku hiyo. Nzau alivaa koti. Alisimama mbele ya nguzo, amenyoosha mikono kama mtu anayeonyesha shamba lake.

"Karibu, Daktari. Kama unavyoona, hapa hakuna jani."

Fahima alitazama. Alizunguka na macho yake mpaka mwisho wa udongo mwekundu, akavuta mtandio mbele kuzuia mwanga.

"Nani alifyeka hapa, Mzee?"

"Mimi. Kila asubuhi. Sijaacha hata jani moja tangu uniachie kazi."

Mutindi alikuwa amesimama na wanawake wengine, mikono yake ikiwa ndani ya leso. Ilikuwa na sugu kama kwato. Sifa ya mume ni ya nyumba.

Fahima alichuchumaa akaweka kiganja chini, akakiondoa haraka. "Mzee, umeua kilima chako," alisema. Hakupandisha sauti, alisema kama anavyosema fundi kwamba injini imekufa. "Udongo ukiwa wazi hivi, jua likichomoza tu unashika moto. Hewa ya juu yake inapata joto, inapanda, inajikoroga. Na wewe unatazama jua kupitia hewa hiyo hiyo. Weka shilingi ndani ya sufuria ya maji, koroga maji, halafu ujaribu kupima upana wa shilingi. Nyasi zingekusaidia. Jonah wa Makindu hajakata hata moja, na namba zake zimetulia kuliko zako mara tatu."

Wanawake walinong'ona. Mmoja akauliza, "Amesema Makindu?"

Nzau alikuwa amefungua mdomo. Alitazama udongo, akatazama koti lake, kisha akamtazama mkewe.

"Ni huyu," alisema. "Mama Muthama. Anapenda kufagia. Nilimwambia mara nyingi aache nyasi. Daktari, mtu ambaye hakusoma ukimwambia kitu ni kama kumwagia mbuzi maji."

Watu wengine walicheka. Kavindu, aliyeleta uji, hakucheka, lakini alisogea hatua moja pembeni, akamwacha Mutindi peke yake.

Fahima hakuwa anasikiliza. Alikuwa amefungua daftari, akipindua kurasa, na ghafla akaacha kupindua. Alirudi nyuma ukurasa mmoja. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee, hizi za Novemba. Siku sita. Kwa nini umezipiga mstari?"

Nzau alifungua kifungo cha koti.

"Sijaona namba nzuri kama hizi katika vilima vyote viwili. Makindu hawajafika hapa hata siku moja. Nani alipima?"

Kama angesema "Mimi," swali lililofuata lingekuwa lile la kwanza: kwa nini umezipiga mstari. Na jibu lake lilikuwa woga wa mtu aliyefutiwa mtihani miaka thelathini iliyopita. Mutindi aliliona jibu hilo likipanda kooni mwa mumewe na kurudi chini. Alimjua kama anavyojua njia ya mtoni.

"Mke wangu," alisema Nzau. "Alichezea saa nikiwa nimeshuka sokoni. Mimi niliandika alivyonitajia, halafu dhamiri ikanisuta, nikafuta."

"Siku sita?"

"Siku sita."

Fahima alishusha daftari. "Sikiliza vizuri, Mzee, na nyinyi wote. Kama siku hizi ni za mpimaji, basi kilima hiki kikiota nyasi, kama lazima kilivyoota kwa mvua za Novemba, ni bora kuliko cha Makindu. Nitaomba miezi mitatu zaidi, mngoje mvua, mpime tena. Sina shaka mngeshinda. Lakini kama zilipimwa na mtu ambaye hakufundishwa, hazina thamani kwangu, hata zikipendeza vipi. Leo nafunga hesabu. Kwa hiyo nauliza tena. Nani alibonyeza?"

Kila mtu pale, hata asiyejua kusoma, alikuwa ameelewa kwamba bomba lilikuwa limening'inia kwenye ulimi wa Nzau.

Mutindi alitoka mbele.

"Ni yeye," alisema. "Mimi nilikuwa na malaria. Sikufagia, nyasi zikaota. Kavindu hapa alinipa uji. Siku ya sita nilimpelekea chai nikaona jua limetulia, nikamwambia. Hiyo saa sijawahi hata kuigusa, Daktari. Sijui ibonyezwe wapi."

"Mzee?" alisema Fahima.

Mutindi alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeshika upande wa pili wa mzigo mzito, kumwambia, sasa, inua. Alikuwa tayari kuitwa mjinga mbele ya watu wote wa Zombe kwa maisha yake yote yaliyobaki. Aseme tu, ni mimi. Aseme alikosea, aseme kalamu iliteleza, aseme lolote.

Nzau alitabasamu. Alifunga kifungo cha koti.

"Mwizi gani amewahi kukubali?" aliuliza, na akawageukia watu ili nao wacheke. "Daktari, nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimesema nilichosema."

"Kavindu," Mutindi aliita. "Waambie nilikuwa kitandani."

Kavindu alitazama chini. "Uji nilileta," alisema. "Lakini siku gani na siku gani, mimi sikuandika. Na mambo ya mtu na mumewe yana wenyewe."

"Mwandiko ni wako, Mzee," Fahima alisema taratibu. "Na sahihi ni yako."

"Na mstari ni wangu. Nimezikana."

Fahima alimtazama Mutindi kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. "Mama, pengine mimi nakuamini," alisema. "Lakini ripoti haiandikwi kwa kuamini. Kipimo kina mwenyewe, na mwenyewe amekikana." Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi yake, akatia sahihi, akamwita dereva alete spana. Nati za chini zilikuwa zimeshika kutu. Ilichukua nusu saa kung'oa darubini. Watu hawakungoja. Walishuka kilima kimya kimya, na Mutindi akasikia mtungi mtupu wa mtu ukigonga mawe njia nzima.

Wiki ile Nzau alikwenda sokoni kila siku. Aliketi nje ya duka la mbegu, akiwa na koti lake, akieleza habari za hewa: jinsi udongo unavyoshika joto, jinsi hewa inavyojikoroga, jinsi shilingi inavyoyumba ndani ya sufuria. Alieleza vizuri kuliko Fahima. Watu walimsikiliza, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema ni bahati mbaya kwa mtu msomi kuoa mwanamke wa namna ile. Alipoulizwa kama kweli mama alichezea chombo, alishusha pumzi na kusema, "Tumwachie Mungu."

Mtoni wanawake walikuwa wamepanga foleni kama kawaida. Shimo lilikuwa limeshuka kwa mkono mmoja tangu Krismasi. Mutindi alifika wa nne, akaweka mitungi yake miwili nyuma ya wa tatu. Kavindu, aliyekuwa wa saba, alipita, akaiinua, akaipeleka mwisho kabisa.

"Wewe unayeweza kupima jua," alisema, "utaweza kupima subira."

"Kavindu, wewe unajua nilikuwa mgonjwa."

"Najua." Kavindu hakumtazama. "Najua pia nina wajukuu watano, na bomba lingepita mbele ya mlango wangu. Nikimkasirikia mume wako, nitamfanya nini? Wewe uko hapa."

Wengine waliguna kukubali. Mutindi aliketi mwisho. Kila aliyekuja baada yake alipita mbele, na kila aliyepita alisogeza mitungi yake nyuma kwa mguu. Jua lilipanda likamkuta pale, likavuka, likaanza kuinama. Kikombe kilipomfikia, chini ya shimo palikuwa na mchanga mweusi uliolowa tu. Alikaa akingoja kwa muda ambao maji huchukua kujikusanya, kisha akangoja tena muda kama huo. Akapanda kurudi.

Nzau alikuwa barazani amevua koti, shingo ina jasho na vumbi la soko. Alikuwa ameongea tangu asubuhi na sauti ilikuwa imemkauka.

"Nipe maji," alisema.

Mutindi alishusha mitungi kutoka mgongoni, akaiweka mbele ya miguu yake, mmoja, wa pili. Akaingia ndani.

Nzau aliinua wa kwanza. Ulikuja mwepesi mpaka ukamgonga kidevuni. Akainua wa pili.

"Mama Muthama. Maji yako wapi?"

"Makindu," alisema Mutindi kutoka jikoni.

Nzau aliinua tena mtungi wa kwanza, akautikisa sikioni, akauinamisha juu ya kiganja na kungoja, mdomo wazi.